Ufizi wa mtoto unanuka na shavu limeanza kuvimba: je, ni noma?

Swali: Shikamoo daktari. Mtoto wa kaka yangu ana miaka mitatu. Wiki chache zilizopita aliugua surua. Vipele vimekwisha lakini mwili haujarudi, amekonda na hataki kula. Tangu juzi ufizi wa chini unatoka damu hata bila kuguswa, na mdomo unatoa harufu ambayo sijawahi kuisikia kwa mtoto. Leo asubuhi shavu la kushoto limeanza kuvimba. Nimesoma kuhusu ugonjwa uitwao noma, unaoozesha kinywa na uso wa mtoto, nimeogopa sana. Bibi yake anasema huu si ugonjwa wa hospitali, amerogwa, na jirani anatuambia tuwatenge watoto wengine. Je, ni noma kweli? Inaambukiza? Na kama ndiyo, anaweza kupona bila uso kuharibika?

Jibu: Marahaba, dada. Naanza na la kufanya, maelezo yatafuata. Mpelekeni mtoto hospitali leo, hata kama ni usiku unaposoma haya. Mtoto aliyekonda, ametoka kuugua surua, ufizi unavuja damu wenyewe, kinywa kinanuka na shavu linavimba: mambo hayo yakikutana, mhudumu wa afya anapaswa kumtibu kama mgonjwa wa noma mpaka ithibitike vinginevyo. Kama kilicho karibu ni zahanati, anzieni hapo, apewe dozi ya kwanza ya antibiotiki palepale na kuandikiwa rufaa. Msikubali kuambiwa mrudi wiki ijayo.

Mkifika mapokezi msiseme tu kwamba mtoto anaumwa meno. Ukisema meno utapangwa kwenye foleni ya meno, na pengine kliniki hiyo haipo siku hiyo. Semeni hivi: mtoto ana utapiamlo, alikuwa na surua, ufizi unaoza na shavu linavimba. Ombeni apimwe uzito na mzunguko wa mkono, na aangaliwe kinywani kwa tochi. Njiani mfunikeni asipate baridi, maana mtoto mwenye utapiamlo mkali hupoteza joto na sukari mwilini haraka kuliko mnavyodhani. Kama yuko macho na anameza, mpeni maji ya sukari kidogo kidogo kwa kijiko: kijiko kimoja cha chai cha sukari kwenye mililita 50 hivi za maji safi. Kama amelegea au hajitambui, msimpe kitu chochote mdomoni, kimbieni.

Sasa nieleze kwa nini nina haraka namna hii.

Noma huanza kama kitu ambacho wazazi wengi wangekipuuza: ufizi mwekundu, umevimba kidogo, unatoka damu mtoto akisuguliwa meno. Hiyo hutokea kwa watoto wengi na kwa wengi haiendi popote. Lakini kwa mtoto ambaye kinga yake imeshuka, ufizi huo unaweza kuanza kufa. Ile ncha ya nyama inayoingia kati ya jino na jino ndiyo hutangulia: inachimbika, inafunikwa na utando wa kijivu, inavuja damu bila kuguswa, na kinywa kinatoa harufu ya nyama iliyooza. Mtoto anatokwa na udenda mwingi, anakataa kula kwa sababu ya maumivu, na anaweza kuwa na homa. Kwa maelezo yako, hapo ndipo alipokuwa juzi.

Hatua inayofuata ni uvimbe wa shavu au mdomo, na hapo ndipo alipo leo. Kwa nje ngozi bado nzima, imevutika na kung'aa, lakini kwa ndani nyama inaanza kukosa damu. Baada ya hapo, kwa siku chache tu, doa la buluu-nyeusi hutokea juu ya shavu. Doa hilo hutanuka, likawa na mpaka unaoonekana wazi kati ya nyama iliyokufa na iliyo hai, kisha sehemu iliyokufa inadondoka na kuacha tundu ambalo kupitia kwake unaona meno na mfupa wa taya. Maambukizi mengi ya mwilini huzuiwa na tabaka za misuli na mifupa, haya hayaziheshimu. Yanapita kwenye ufizi, shavu, mdomo, taya, na wakati mwingine hufika puani na chini ya jicho. Kuanzia uvimbe mpaka tundu, mara nyingi ni wiki moja au mbili.

Bila matibabu, makadirio yanayotumiwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) ni kwamba watoto 9 kati ya 10 hufa. Wanauawa na bakteria walioingia kwenye damu, au na nimonia baada ya kuvuta uchafu wa kidonda mapafuni, au na njaa yenyewe kwa kuwa hawawezi tena kula. Kwa upande mwingine, mtoto akipata antibiotiki wakati tatizo bado liko kwenye ufizi, hupona na uso wake hubaki kama ulivyokuwa. Hata katika hatua ya uvimbe, dawa na lishe vikianza mara moja, ugonjwa unaweza kusimama kabla nyama ya shavu haijafa. Ndiyo maana leo ina thamani kubwa kuliko kesho kwa mtoto huyu.

Je, nina uhakika ni noma? Hapana, na hakuna daktari mwaminifu atakayekuhakikishia bila kumwona mtoto. Shavu la mtoto huvimba kwa sababu nyingi. Jipu la jino ni mojawapo, nalo huwapata hata watoto walioshiba na kunawiri. Ukiangalia utaona jino lililooza na uvimbe umejikusanya karibu nalo, na ufizi wa mahali pengine ni mzima. Virusi vya hepesi huleta homa, fizi nyekundu na vidonda vidogovidogo vingi kwenye ulimi, midomo na ndani ya mashavu; mtoto anateseka sana lakini nyama haiozi. Kuna uvimbe wa saratani ya taya unaokua kwa wiki kadhaa, nao huhitaji hospitali haraka kwa njia yake. Kuota meno hakufanyi ufizi uoze, hata kama wapo watakaokuambia hivyo. Katika yote haya, kinachonifanya nielekee noma kwa mtoto wenu ni ile harufu na ile damu inayotoka yenyewe, juu ya surua na kukonda. Noma haina kipimo cha maabara cha kuithibitisha. Hutambuliwa kwa macho, kwa pua, na kwa kuuliza historia ya mtoto. Hiyo maana yake ni kwamba hata zahanati isiyo na maabara inaweza kuitambua, ikiwa tu mtu atafungua mdomo wa mtoto na kutazama.

Hospitalini, matibabu ya hatua hii hayana miujiza wala mashine kubwa. Mtoto atapewa antibiotiki zinazofika kwa bakteria wanaoishi pasipo na hewa. Mara nyingi ni amoksisilini pamoja na metronidazoli, na hali ikiwa mbaya zaidi huongezwa nyingine kwa njia ya sindano. Dozi hupangwa kwa uzito wa mtoto, kwa hiyo tafadhali msinunue vidonge vichache dukani na kukisia. Dozi nusu inapunguza harufu kwa siku mbili, familia inatulia, na nyama inaendelea kufa kwa ndani. Kinywa kitasafishwa kila siku, kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa au kwa dawa ya klorheksidini ya asilimia 0.2. Mtoto wa miaka mitatu hajui kusukutua, atameza. Basi hutumika kitambaa safi laini kilicholoweshwa, kinapitishwa taratibu kwenye fizi. Mwombeni muuguzi awaonyeshe, kwa sababu kazi hiyo mtaiendeleza nyumbani.

Kwa kuwa alikuwa na surua, ulizeni kama alipata vitamini A. Mtoto mwenye surua aliyetimiza mwaka mmoja anatakiwa apewe yuniti 200,000, na dozi ya pili siku inayofuata. Atapimwa malaria na VVU, na hilo la VVU lisiwaudhi: VVU hushusha kinga inayozuia noma, na mtoto akigundulika anahitaji dawa zake pia.

Kisha lishe, na hapa nataka mnisikilize vizuri. Mtoto akipimwa mzunguko wa mkono wa juu ukawa chini ya sentimita 11.5, au akikutwa na uvimbe wa miguu yote miwili unaobonyea ukiugandamiza kwa kidole, huo ni utapiamlo mkali na mtoto huyo hapaswi kushindiliwa chakula kingi siku ya kwanza. Mwili uliozoea njaa unaweza kuzidiwa na chakula cha ghafla mpaka moyo ukashindwa kufanya kazi. Hospitali huanza na maziwa tiba ya F-75, kidogo kidogo, kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana, na ikibidi kwa mpira mwembamba unaopita puani, kwani kinywa kinauma. Hamu ya kula ikirudi ndipo huingia F-100, maziwa tiba yenye nguvu zaidi, au chakula tiba cha pakiti. Ndugu wengi wanaona mtoto anapewa maziwa machache wanadhani ananyimwa, wanaleta chakula chao kwa siri. Kwa mapenzi yote waliyo nayo, wanamhatarisha.

Umeuliza kama inaambukiza. Haiambukizi. Hakuna mdudu mmoja wa noma anayeruka kutoka kwa mtoto huyu kwenda kwa yule. Bakteria wanaokutwa kwenye vidonda hivi, kama Fusobakteriamu, Prevotela na wale wenye umbo la mzunguko kama springi, wengi wao ni wakazi wa kawaida wa kinywa cha binadamu au wa mazingira yake. Wewe na mimi tunaishi nao. Kinachobadilika ni hali ya mtoto. Utando wa ndani ya kinywa hujijenga upya kila siku chache, na kazi hiyo inahitaji protini, zinki na vitamini. Vikikosekana, utando unakuwa mwembamba na kidonda kidogo hakifungi. Mate yanapungua, nayo ndiyo yanayosafisha kinywa. Halafu surua inakuja. Virusi vyake hushambulia zile seli zinazohifadhi kumbukumbu ya maambukizi yaliyopita, na kwa wiki na miezi baada ya vipele kuondoka mtoto anabaki kama ambaye kinga yake haijawahi kujifunza lolote. Malaria ya mara kwa mara, kuhara, maji machafu, meno yasiyosafishwa, mama aliyekuwa na utapiamlo wakati wa ujauzito: kila kimoja kinaongeza uzito. Wengi wa wanaougua wana umri wa miaka 2 mpaka 6, ule umri ambao mtoto ameacha kunyonya na bado hajaweza kujitafutia chakula.

Kwa hiyo mtoto asitengwe. Alale na mama yake, abebwe, achezewe. Anahitaji mwili wa mtu karibu yake.

Kuhusu bibi, naomba msigombane naye. Mtu anayeona shavu la mjukuu wake likifa ndani ya siku chache, wakati hakuungua wala hakuumwa na mnyama, ana kila sababu ya kutafuta chanzo kikubwa. Mwelezeni kwamba ugonjwa huu uliwahi kuwa wa kawaida Ulaya. Madaktari wa Uholanzi waliuandika katika karne ya 16 na 17, wakiutaja kwa watoto wa maskini baada ya surua na homa. Ulaya hawakuumaliza kwa antibiotiki. Ulianza kutoweka huko kabla antibiotiki hazijagunduliwa, watoto walipoanza kula vya kutosha na kuishi kwa usafi zaidi. Kisha ulirudi katika kambi za Wanazi, Auschwitz na Bergen-Belsen, kwa watu walionyimwa chakula kwa makusudi. Mahali popote watoto wanapokosa chakula kwa kiasi hicho, noma inaweza kutokea, bila kujali wana imani gani au wamekosana na nani. Bibi akitaka kumwombea, na amwombee akiwa pembeni ya kitanda cha hospitali. Ila dawa za kupaka ndani ya kinywa, majivu, mizizi iliyosagwa, au kung'oa meno ya utotoni, hayo mkatae kwa upole na msimamo. Kinywa kilichojaa majivu kinamzuia muuguzi kuona kinachoendelea, na kila kidonda kipya ni mlango mwingine wa bakteria.

Nikuambie pia jambo linaloniuma katika ugonjwa huu. Makadirio ya WHO ya mwaka 1998 yalitaja wagonjwa wapya 140,000 kwa mwaka na manusura 770,000 duniani. Ni tarakimu za zamani, na bado zinanukuliwa kwa sababu hesabu mpya ni ngumu kuipata: watoto wengi hufa nyumbani, wamefichwa, bila jina la ugonjwa wao kuandikwa popote. Nchi nyingi zinazotajwa ziko kusini mwa Sahara, hasa Sahel, kama Niger, Nigeria na Burkina Faso, na wagonjwa wameripotiwa Asia pia, Laos ikiwemo. Pamoja na hayo, ni tarehe 15 Desemba 2023 tu ndipo WHO ilipoiingiza noma kwenye orodha rasmi ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa, baada ya Nigeria kuongoza ombi hilo likiungwa mkono na nchi nyingine zaidi ya 30. Huko Sokoto, kaskazini-magharibi mwa Nigeria, ipo hospitali maalumu ya noma tangu 1999, na shirika la Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) limekuwa likisaidia kazi yake tangu 2014. Waliosukuma sana noma itambuliwe ni pamoja na manusura wenyewe, akiwemo Mulikat Okanlawon wa Nigeria na Fidel Strub mzaliwa wa Burkina Faso, ambao walianzisha pamoja chama cha manusura kiitwacho Elysium. Nawataja kwa sababu waliugua wakiwa watoto wadogo, wakapita operesheni nyingi, na leo wanazungumza mbele ya mawaziri.

Mtazamo wangu ni kwamba tunakosea mahali padogo sana. Mtoto mwenye utapiamlo anapopelekwa kliniki anapimwa uzito, urefu, mkono, joto. Kinywa hakifunguliwi. Kufungua mdomo kwa kidole na tochi kunachukua muda mfupi kuliko kupima uzito, na pale ndipo ugonjwa huu unapoonekana ukiwa bado unatibika kwa dawa za bei nafuu ambazo zahanati nyingi huwa nazo. Ningependa kila mhudumu anayeshika ule mkanda wa rangi wa kupimia mkono awe pia anauliza: ufizi unatoka damu? Mdomo unanuka?

Umeuliza uso wake utakuwaje. Ikiwa mtafika kabla doa jeusi halijatokea, nina matumaini makubwa. Anaweza kupoteza meno mawili matatu ya utotoni, ufizi ukarudi nyuma kidogo, basi. Ikiwa doa limeshatokea mkifika, msikate tamaa na msiondoke hospitali. Hata hapo dawa zinaokoa maisha na zinazuia tundu lisiendelee kutanuka. Nyama iliyokufa itaondolewa taratibu na wanaojua, kidonda kitasafishwa na kufungwa kila siku. Jambo linalosahaulika mno katika wiki hizo ni taya. Kovu likikauka linavuta, na mtoto anaweza kuamka siku moja hawezi kufungua mdomo kuingiza hata kijiko. Kwa hiyo mara tu daktari atakaporuhusu, anza mazoezi ya kufungua mdomo mara kadhaa kwa siku. Wataalamu wa tiba ya viungo hutumia vile vijiti bapa vya mbao vya kugandamizia ulimi, wanavipanga kati ya meno na kuongeza kimoja baada ya kingine. Ni zoezi linaloliza watoto, na ndilo linaloamua kama atakula na kuzungumza vizuri baadaye.

Upasuaji wa kurekebisha uso haufanywi kidonda kikiwa kibichi. Madaktari husubiri angalau miezi sita, mara nyingi mwaka au zaidi, mpaka kovu litulie na mtoto awe amenenepa kiasi cha kuhimili usingizi wa dawa. Hutumia ngozi na nyama kutoka sehemu nyingine ya mwili, kwa mfano paji la uso au kifua, na mara nyingi huhitaji operesheni zaidi ya moja. Kwa mtoto ambaye taya limekaza, hata kumlaza usingizi ni kazi ya mtaalamu mzoefu, kwa kuwa mpira wa kupumulia hauwezi kupitishwa mdomoni. Kwa sababu hiyo, mkifika hatua hiyo, subirini rufaa ya kituo chenye uzoefu badala ya kukubali operesheni ya haraka popote.

Neno la mwisho ni kuhusu wale watoto wengine ambao jirani alitaka mwatenge. Nendeni nao. Wanakula chungu kimoja na mgonjwa, na huenda surua iliwapitia pia au iko njiani kwao. Kila mmoja apimwe mkono, aangaliwe fizi, na kadi yake ya chanjo isomwe. Aliyekosa chanjo ya surua mwambie muuguzi, atakupangia siku. Na usiku huu, kabla hawajalala, mtazame kila mmoja kinywani kwa mwanga wa simu, ufizi wa juu na wa chini, mbele na nyuma.